Kuimba Naimba, Kuapa Siapi

Karurumo,
5 Juni 2023

Mpendwa Gacheri,

Natumai nyote mko wazima huko Kinoru na kwamba baridi haijakufunga mikono kwenye cherehani. Huku ukungu unashuka asubuhi na hauondoki mpaka jua la saa tano. Watoto wangu wa gredi ya nne wanaandika wakiwa wamevuta vidole ndani ya sweta.

Naandika kwa mkono kama kawaida yetu. Unajua simu yangu ni ya nyumba nzima. Ujumbe ukiingia, Ndwiga anausoma kwa sauti ili mama yake asikie, na mama yake akisikia, Karurumo yote imesikia. Ndugu yako Mbaabu amesema atapita Runyenjes Jumatano na lori la viazi. Nitampa hii.

Habari yenyewe ni hii. Jana baada ya ibada mchungaji alitangaza kwamba nimechaguliwa kuwa mwenyekiti wa chama cha akina mama. Anayeondoka ni mama mkwe wangu, Mama Ciakuthii, ambaye amekishika chama hicho tangu kabla sijaolewa, na ni yeye aliyelitaja jina langu. Watu walipiga makofi. Nilikuwa nimesimama mbele na kwaya yangu, nikatabasamu kwa sababu sikujua uso wangu ufanye nini kingine. Tarehe 16 Julai natakiwa kupiga magoti mbele ya kanisa, nivalishwe kitambaa, niape kwamba namwamini Mungu kwa moyo wangu wote na kwamba nitawaongoza wengine kwake.

Sitakubali. Hilo nimeshaamua. Ninachotafuta ni namna ya kusema, na nimwambie nani kwanza. Nishauri.

Wako,
Ruguru


Kinoru, Meru,
12 Juni 2023

Ruguru wangu,

Barua yako imefika ikinuka viazi. Niliisomea mlangoni mwa duka, mteja akinisubiri na zipu yake mkononi, nikacheka mpaka akauliza kama kuna harusi. Wewe hujabadilika. Chuoni ulipochaguliwa kiranja ulisema huwezi, na kabla ya wiki kuisha bweni lote lilikuwa linatandika vitanda. Mimi niliacha chaki nikashika sindano, lakini wewe kuongoza kumo ndani yako na hukutoki.

Huo ni unyenyekevu tu, na Mungu anaupenda. Usikatae, tafadhali. Nani kama wewe? Nilipofanyiwa upasuaji ule, na daktari ameshamwambia Mutembei wangu ajiandae kwa lolote, nani alitoka Karurumo akakaa kando ya kitanda changu? Ulinishika mkono ukaomba mpaka nikalala, na nilipoamka nilikuwa mtu mwingine. Nimelitolea ushuhuda jambo hilo kanisani kwetu hadi watoto wangu wamelikariri, wananitangulia maneno. Mtu anayeomba hivyo anakataaje kuongoza wenzake?

Ndani ya mfuko huu kuna nguo. Nyeupe, ukosi wa bluu, na kitambaa cha kichwa cha rangi hiyo hiyo. Vipimo nimevikisia kutoka kichwani. Ni zawadi, usinipigie kelele. Uivae siku hiyo, mtu apige picha anitumie.

Dada yako,
Gacheri wa Mutembei


Karurumo,
16 Juni 2023

Gacheri,

Nguo imenikaa vizuri kabisa, hata mabegani ambako mafundi wote hunikosea. Ndiyo sababu naandika haraka, kabla hujashona nyingine.

Hukunielewa, na kosa si lako. Niliandika nusu. Sikatai kwa unyenyekevu, na kazi hainiogopeshi. Nakataa kwa sababu siamini. Siamini kwamba kuna anayetusikia tukiomba. Imekuwa hivyo tangu Rwamba wangu aanze chekechea, na sasa yuko gredi ya tano.

Hakuna kilichonipata. Sikufiwa, sikugombana na mchungaji, hakuna mtu aliyenipotosha. Siku moja nilikuwa napalilia kahawa, nikaanza kuomba kama nilivyozoea, nikagundua naongea peke yangu. Nikanyamaza. Nikangoja nione kama nitaogopa, sikuogopa. Nilimaliza mstari wangu wa kahawa nikaenda kupika. Tangu hapo nimejipapasa mara nyingi, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, na kila mara mfuko ni mtupu.

Utauliza mbona naimba. Nyimbo hizo mama yangu alinifundisha kabla sijajua kusoma, na ni zangu. Sauti thelathini zikikubaliana, hapo hakuna uongo. Hata kuinamisha kichwa wengine wakiomba naweza, ni heshima kama kuvua viatu mlangoni mwa mtu. Lakini kupiga magoti na kutamka "naamini kwa moyo wangu wote" mbele ya akina mama wanaonitegemea, huo utakuwa udanganyifu. Kuimba naimba, kuapa siapi. Mpaka wangu ni huo na naujua kama ninavyoujua mpaka wa shamba letu.

Hakuna mwingine anayejua. Ndwiga ni mzee wa kanisa, na nikikataa bila sababu ataaibika. Nikitoa sababu, sijui atafanya nini. Na mchungaji ndiye anayeongoza halmashauri ya shule ninayofundisha. Hayo yote nimeyapima. Bado siapi.

Niandikie, hata kama ni kunigombeza.

Ruguru


Karurumo,
28 Juni 2023

Kwa Dada Gacheri,

Salamu nyingi katika jina la Bwana.

KUH: MKE WANGU

Samahani kwa kukuandikia bila yeye kujua. Barua hii nimempa Mbaabu mwenyewe.

Ruguru amewaambia akina mama wamchague mwingine. Alipoulizwa sababu alisema ataisema wakati wake. Mama ameumia sana. Ameacha kula kwetu, anapika kwake, na watoto wanabeba sahani kwenda na kurudi uani kama wajumbe. Wazee wenzangu wananiuliza kuna nini. Nikimuuliza Ruguru nikiwa natoka kazini, ananiambia, "Si sasa, Ndwiga," anaendelea na daftari za watoto.

Nimewaza sana. Kuna kanisa jipya karibu na soko la Runyenjes, na kuna mwalimu mwenzake anayesali huko. Nadhani wamemvuta. Kama si hilo, basi ni mimi nimemkosea. Mwaka jana nilimzuia kwenda kusoma wakati wa likizo kwa sababu ya kuchuma kahawa, na huenda jambo hilo bado analo moyoni.

Nyinyi wawili mmeandikiana tangu chuoni. Sikuombi unionyeshe barua zake. Naomba uniambie tu ni kanisa gani, ili nijue pa kuanzia. Na ukiweza, njoo uzungumze naye kabla ya tarehe 16.

Wako katika Kristo,
Ndwiga Rwamba
Mzee wa Kanisa


Kinoru, Meru,
1 Julai 2023

Shemeji Ndwiga,

Nimepata barua yako. Hajahamia kanisa lingine. Na kuhusu ile likizo, kama angekuwa na kinyongo ungekisikia siku hiyo hiyo, unamjua.

Zaidi ya hapo sisemi, kwa sababu si yangu kusema. Muulize mwenyewe, lakini si ukiwa umesimama mlangoni na koti begani. Leta kiti, ukae. Na ukiuliza, uwe tayari kusikia jibu. Mimi sikuwa tayari.

Sitakuja. Hili ni la nyumbani kwenu.

Gacheri


Kinoru, Meru,
1 Julai 2023

Ruguru,

Sijakuandikia siku hizi zote kwa sababu nilikuwa na hasira. Bado ninayo, lakini sasa naweza kuishika pamoja na kalamu.

Swali langu ni moja. Wakati ule hospitalini ulikuwa tayari umeacha kuamini. Nimekumbuka vizuri, Rwamba alikuwa ameshaanza shule ya msingi. Kwa hiyo ulifumba macho ukaliita jina la Mungu, nami nikayashika maneno yako kama kamba, na kumbe wewe uliyenirushia kamba ulijua upande ule mwingine hakuna aliyeishika. Nimesimama mbele ya kanisa zima nikasema rafiki yangu aliomba na Mungu akasikia. Watu walilia. Mama mmoja alikuja baadaye akaniambia ushuhuda wangu ulimrudisha kwa Mungu. Sasa nimwambie nini huyo mama? Na mimi nilikuwa nashukuru nini?

Mbona hukuniambia, "Gacheri, siwezi"?

Ndwiga ameniandikia. Siri yako sikuitoa. Anadhani umehama kanisa, au amekukosea. Mume wako anateswa na mambo ambayo hayapo. Mwambie lililopo.

Gacheri


Karurumo,
7 Julai 2023

Gacheri,

Swali lako nimelisoma mara nyingi na jibu limekuwa lile lile, kwa hiyo naliandika bila kulipamba.

Ulikuwa umewekewa dripu, midomo imekauka, ukaniambia kwa Kimeru, "Ruguru, niombee." Hukuniuliza naamini nini. Nilikupa ulichoomba, kwa maneno unayoyapenda wewe, kama ambavyo ningekupa maji kama ungeomba maji. Sijutii, na ukiniomba kesho nitafanya vile vile. Unasema habari za kamba. Mimi naweza kukuambia upande wangu tu: niliishika, na sikuiachia mpaka ukalala. Upande ule mwingine wewe unaamini yupo anayeshika, na imani hiyo haikutoka kwangu kama maji ya bomba, hata leo ikatike kwa sababu mimi nimekauka. Ulishukuru kwa kupona, na ulipona. Yule mama mwambie hivyo hivyo.

Labda utasema, basi waapie akina mama kama ulivyoniombea mimi. Hapana. Wewe ulitaka sauti yangu kando yako. Wao wanataka moyo wangu uende mbele, waufuate. Huko mbele sina pa kuwapeleka.

Sasa Ndwiga. Najua ni wewe uliyemshauri, kwa sababu alichukua kigoda akakileta jikoni, akakaa mbele ya meko, na huyo mwanamume hajawahi kukaa jikoni kwangu. Nilikuwa namenya ndizi.

"Ni kanisa gani?" akauliza.

"Hakuna kanisa."

"Ni mtu?"

"Hakuna mtu. Ndwiga, mimi siamini kwamba Mungu yuko."

Akaniangalia kama ninayemtania, kisha akaona sitanii. "Tangu lini?"

Nikamwambia. Nikaendelea kumenya. Halafu akauliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Tukiomba kabla ya kula, wewe huwa unafanya nini?"

"Nawatazama," nikasema. "Mkifumba macho nawatazama wote. Wewe, mama, watoto. Ndiyo saa pekee mnatulia."

"Miaka yote hiyo unatutazama."

"Ndiyo."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyegundua kwamba dirisha lake halikuwa na pazia. Kisha akauliza kuhusu watoto, kama nitawafundisha hayo. Nikamwambia sitawafundisha, lakini wakiniuliza sitawadanganya.

"Nina aibu," akasema, "na sijui kama ni aibu yangu au yako."

"Mimi sina, Ndwiga. Kwa hiyo itakuwa yako."

Pengine sikupaswa kusema hivyo. Aliinuka akaenda kwa ng'ombe. Tangu hapo tunazungumza habari za chai na karo, na usiku anapiga magoti upande wake wa kitanda akiomba bila sauti, na zamani halikuwa jambo la kuficha. Hilo linaniuma kuliko ukimya wake.

Kesho naenda kwa mchungaji. Halafu nitawaambia akina mama wenyewe. Sitaki wasikie kwa mtu mwingine.

Ruguru


Kinoru, Meru,
11 Julai 2023

Ruguru,

Sijalikubali jibu lako lote. Nimekubali kiasi.

Jumapili niliitwa mbele tena kutoa ushuhuda, kulikuwa na wageni. Nilisimama nikiwa sijui nitasema nini. Nikasema nilikuwa mgonjwa, rafiki yangu alinishika mkono hakuniachia, nami nikapona, na namshukuru Mungu kwa mkono na kwa kupona. Nikajisikiliza. Hakukuwa na neno la uongo ndani yake, si langu wala lako. Nikarudi kukaa. Mutembei akaninong'oneza kwamba leo nimekuwa mfupi.

Mimi bado naamini, na usijaribu kunitoa huko. Nawe sitajaribu kukurudisha, isipokuwa kwa kuomba, na hilo huwezi kunikataza.

Ukienda kwa akina mama usitumie sauti ya darasani. Unapokuwa na hakika ya jambo unaanza kuongea kama mtu anayeandika ubaoni. Ongea nao kama unavyoongea na mimi.

Na Ndwiga mwombe radhi kwa lile neno la aibu. Hilo tu.

Gacheri


Karurumo,
18 Julai 2023

Mpendwa Gacheri,

Nilimwomba radhi. Akasema, "Haya," na jioni akaomba kwa sauti kama zamani. Nilikaa kitandani nikamsikiliza.

Yaliyofuata nakuandikia yote. Mchungaji Gachoki alinipokea sebuleni kwake, mke wake akaleta chai na nduma. Nilimwambia kama nilivyomwambia Ndwiga. Unajua alisema nini? Alinisihi nile kiapo tu. Alisema wengi huapa wakiwa na mashaka, na kwamba maneno hutangulia, moyo hufuata nyuma. "Mwalimu," akasema, "ni dakika mbili. Nani atajua?"

"Mimi nitajua," nikamwambia. "Mchungaji, maneno hayo ni mazito. Nayaheshimu, na ndiyo sababu siyatamki."

Alikoroga chai yake kwa muda mrefu, kisha akasema kwamba kama ni hivyo, hawezi kuniacha niongoze kwaya. Nilikuwa nimelitarajia, lakini lilipotoka lilinipata kifuani. Kwaya hiyo niliipokea ikiwa na watu wanane. Nikamuuliza kuhusu shule. Akasema kufundisha hesabu hakuhitaji kiapo, na kwamba yeye hatalipeleka jambo hili kwenye halmashauri. Nadhani atatimiza. Ni mtu mpole, na alikuwa na huzuni zaidi yangu.

Jumamosi nilisimama mbele ya akina mama. Sikutumia sauti ya darasani. Nilisema, "Mlinichagua na nimeheshimika. Lakini kiapo kinasema ninaamini, nami siamini. Nikiapa nitakuwa nimewadanganya, na nyinyi ni watu wangu." Basi. Nikakaa. Pikipiki zilikuwa zikishuka barabarani na magunia ya chai. Mmoja aliinuka akahamia benchi lingine. Mwingine, Njoki, anayeuza mboga sokoni, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Si angalau ametuambia." Mama mkwe wangu alikuwa amekaa mbele. Hakugeuka.

Wakamchagua Beth, mke wa mwalimu mkuu. Nguo yako nilimpa yeye, nikaipunguza mwenyewe urefu, samahani kwa mkono wangu. Jumapili aliapa akilia, na aliamini kila neno, ungeona. Nilifurahi kwamba hakuwa mimi.

Mimi nilikaa nyuma na watoto. Kwaya ilianzisha wimbo juu mno, na nilijua kabla ya ubeti wa pili kwamba hawatafika. Wakaanza kukwama, sauti moja baada ya nyingine. Nikaimba nikiwa pale pale kwenye benchi, chini kidogo ya walipokuwa, wakashuka wakanifuata. Watu waligeuka kutazama. Mchungaji alinitazama pia, lakini kuimba kanisani ni ruhusa ya kila mtu, na sikuwa naongoza. Nilikuwa nimekaa.

Ndwiga alikuwa mbele na wazee. Baada ya ibada alinijia mbele ya watu wote akachukua mfuko wangu akaubeba, jambo ambalo wazee wa kanisa hawafanyi. Tukatembea hivyo mpaka nyumbani.

Aliyebaki ni mama. Bado anapika kwake.

Ruguru


Karurumo,
22 Septemba 2023

Mpendwa Gacheri,

Asante kwa barua mbili ambazo sijazijibu. Kahawa imeanza kuiva na shule imefunguliwa, sina mikono ya kutosha.

Uliniuliza kama watu wamenitenga. Wachache. Wazazi wawili waliwahamisha watoto wao kutoka darasa langu, na mmoja ameshamrudisha, kwa sababu ya hesabu. Ndwiga na mimi tuko sawa. Si kama zamani. Siku hizi ananiuliza maswali tukichuma kahawa, maswali ya ajabu, kama ninaogopa kufa, kama ninamwona yeye mjinga. Namjibu yote. La ujinga nilimjibu haraka kuliko mengine, kwamba hapana, na aliendelea kuchuma akiwa amenipa mgongo, lakini niliona mabega yake yameshuka.

Kanisani naenda ninapotaka. Kwaya inakuja kwangu Jumanne kujifunza sauti, hapa nyumbani, na mchungaji anajua na hajasema lolote.

Mama alikuja Jumatatu. Alivuka uani akiwa na sufuria yake mkononi, akaiweka kwenye meko yangu bila kuniuliza, akaketi.

"Nimezeeka kupikia mtu mmoja," akasema.

Nikamsogezea kikombe.

"Uliniumiza," akasema. "Nilitaka uchukue mahali pangu. Nilikuwa nimeshakuona pale."

"Najua, mama."

"Mimi naamini. Nitakufa nikiamini."

"Hilo pia najua."

"Basi nitakuombea. Kila Alhamisi, akina mama wakija kwangu. Nami nitataja jina, siombi kwa mafumbo."

"Omba, mama. Sikuzuii."

Alinitazama kwa makini, nadhani alikuwa amejiandaa kwa ubishi. Kisha akafunua sufuria yangu akasema maharagwe yanataka chumvi.

Nyumba yake ni ya mbao, Gacheri, na dirisha lake linatazama jikoni kwangu. Jana ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa naosha vyombo nikamsikia akianza. Alitaja jina langu lote pamoja na la baba yangu, Ruguru wa Njeru, mke wa mwanawe. Akaombea kifua changu kinachobana wakati wa baridi, na mwandiko wa watoto wa gredi ya nne, na safari zangu za kwenda Runyenjes. Akasema nina moyo mgumu, kisha akasema nina mikono mizuri. Niliacha maji yakapoa. Nilisimama pale nikamsikiliza mpaka akafika amina, halafu nikabandika chai ya watu kumi na wawili, kwa sababu wakimaliza huwa wanashuka kwangu wote.

Msalimie Mutembei na watoto.

Wako daima,
Ruguru